Kitabu cha kuazima kwenye simu: ukitoa kufuli lake, umeiba?

Mwalimu mmoja wa sekondari ya kata, jirani na Ziba hapa wilayani Igunga, alitutumia swali ambalo tulidhani tungelijibu hewani kwa dakika mbili. Tulishindwa. Tumeona tuliandike kwa kirefu, ili mwenye kutaka alisome taratibu bando likimruhusu.

Mwalimu huyu anajiendeleza kwa masomo ya masafa. Chuo chake kina maktaba ya mtandaoni, na mwanafunzi anaweza kuazima kitabu cha kielektroniki kwa siku 7. Kitabu kinafunguka kwenye simu, na siku ya 8 kinajifunga chenyewe. Kwa mtu wa mjini siku 7 si haba. Kwake yeye, siku 2 zilipita mtandao ukikatakata na faili halijamaliza kushuka. Siku ya 3 simu ilizima, na kwa jirani mwenye sola kulikuwa na foleni ya kuchaji. Alipofika sura ya pili, zilikuwa zimebaki siku 2. Siku ya mnada akamweleza shida yake kijana wa kibanda cha simu, yule anayejaza nyimbo na filamu kwenye memori kadi. Kijana akamwambia, "Ticha, hilo kufuli tunalitoa, buku mbili tu. Kitabu kinabaki chako moja kwa moja."

Akatoa elfu mbili, kitabu kikawa chake. Sasa walimu wenzake wanne kwenye grupu la WhatsApp wanakiomba, na yeye anatuuliza: "Ndugu zangu watangazaji, mimi ni mwizi?"

Kabla ya kumjibu, tueleze kwanza hilo kufuli ni kitu gani. Ukiazima kitabu cha karatasi kwenye maktaba ya mkoa pale Tabora mjini, kikiwa nyumbani kwako rafuni hakipo. Mwenzako anasubiri. Ukikirudisha, kwako hakipo tena. Faili la kwenye simu halina tabia hiyo. Ukilituma kwa watu 100, watu 100 wanalo na wewe bado unalo. Kwa hiyo wachapishaji waliweka kinga ndani ya faili: haifunguki mpaka programu ithibitishe kuwa wewe ndiye uliyeazima, hainakiliki, na muda ukiisha inafunga. Hiyo kinga ndiyo tunayoiita kufuli, na ndiyo inayofanya faili liweze kuazimwa. Pasipo kufuli, maktaba haiazimi tena, inagawa.

Msikilizaji anaweza kusema: maktaba imeshanunua kitabu, basi shida iko wapi? Shida ni kwamba maktaba nyingi hazinunui kitabu cha aina hiyo kama unavyonunua kitabu dukani. Zinalipia kibali cha kukiazimisha, tena kibali chenye ukomo. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ya Marekani ilizitangazia maktaba za huko kwamba kila kitabu chake cha kielektroniki kitaazimwa mara 26 tu, kisha maktaba ilipe upya. Mwaka 2019 kampuni ya Macmillan ikaweka sharti kwamba katika wiki 8 za mwanzo za kitabu kipya, maktaba yoyote, hata ya jiji kubwa, iuziwe nakala moja tu. Maktaba ziligoma, wasomaji wakapiga kelele, na Machi 2020 kampuni ikaliondoa sharti hilo.

Tunaitaja mifano hii kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba kufuli liliwekwa na malaika. Liliwekwa na wafanyabiashara, na wafanyabiashara wakati mwingine hukaza kupita kiasi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaochanganya mambo mawili: kitabu ulichonunua na kitabu ulichoazima. Julai 2009 kampuni ya Amazon iliingia kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wake na kufuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walikuwa wamevilipia, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja kati ya hivyo sisi tunakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Wateja walirudishiwa pesa na kampuni ikaomba radhi, lakini watu waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza: kama nimenunua, inakuwaje muuzaji aingie nyumbani kwangu usiku achukue kitabu? Mtu aliyelipia kitabu, akatoa kufuli ili abaki nacho hata duka likifungwa, ana hoja nzito. Alitoa pesa ili kiwe chake.

Mwalimu wetu hana hoja hiyo. Yeye hakununua. Aliomba kwa siku 7, akapewa kwa siku 7, na alipobonyeza kitufe cha kukubali alikuwa ameahidi kurudisha. Ile methali ya nguo ya kuazima mnaijua, hatuna haja ya kuimalizia hapa.

Sisi watu wa Unyanyembe na Igunga tuna historia yetu ya vitu vya watu. Katika karne ya 19, misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilibebwa mabegani, na sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alipewa mzigo umefungwa: nguo, shanga, waya wa shaba, au pembe za ndovu wakati wa kwenda pwani. Alitembea nao miezi. Hakuna aliyeweza kumlinda kila hatua porini. Biashara yote ile ilisimama juu ya imani kwamba mzigo utafika ukiwa umefungwa vilevile.

Lakini historia hiyohiyo inasema jambo la pili, na hapa hatutaki kulificha. Wapagazi walikuwa na mapatano yao. Walidai posho, walidai kupumzika, walikataa mzigo uliozidi. Kiongozi wa msafara aliyewanyima chakula au kuwatesa aliamka asubuhi akakuta wametoroka, na wengine walitoroka na mizigo. Wageni walioandika juu ya safari zao waliwaita wavivu na wezi. Sisi tukiisoma leo tunaona pia msafara uliovunja mapatano kwanza.

Ndiyo maana hatumwiti mwalimu huyu mwizi kwa haraka. Aliahidi kurudisha kitabu baada ya siku 7, na maktaba iliahidi kumwazima kwa siku 7. Je, kweli alikiazima kwa siku 7? Ukitoa siku za mtandao kukata na siku ya simu kuzima, alikiazima kwa siku kama 4. Saa ya kufuli haijui kwamba uko Ziba. Inahesabu sawa kwa mtu aliyekaa chuoni penye mtandao wa bure na kwa mtu anayetembea hadi kwenye kichuguu ili apate vijiti viwili vya mtandao. Kama angekitoa kufuli, akamaliza sura zake ndani ya wiki ile au siku chache mbele, kisha akalifuta faili, sisi tungesema amevunja sharti, lakini hatuoni ni nani amedhulumiwa. Mwandishi hakupoteza mauzo, maktaba haikupoteza kibali, na msomaji mwingine hakucheleweshwa, maana kwa hesabu ya maktaba kitabu kilikwisharudi.

Wako watakaotupinga, na wana sababu. Watasema kila mtu ana siku zake za mtandao kukata, na ukianza kuhesabu udhuru hutamaliza. Watasema pia kwamba maktaba ikijulikana kuwa wasomaji wake hutoa kufuli, mchapishaji atapandisha bei ya kibali au atakataa kabisa kuwapa, na watakaoumia ni wanafunzi wa mwaka ujao. Hilo la pili tunalikubali. Katika mikutano ya wachapishaji na maktaba, kufuli ndilo neno la kwanza.

Tazama kilichoipata maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ya Marekani, ambayo hata msomaji wa Igunga mwenye simu aliweza kuazima kwake bila kulipa. Ilipiga picha vitabu vya karatasi ilivyokuwa navyo, ikaviazimisha kwa kufuli, nakala moja ya karatasi kwa msomaji mmoja kwa wakati. Machi 2020, wakati wa korona, ikaondoa foleni kwa muda ili watu wengi waazime kitabu kimoja kwa pamoja. Juni mwaka huohuo wachapishaji wanne wakaishtaki. Mahakama iliwapa ushindi Machi 2023, na rufaa ikatupwa Septemba 2024. Hukumu haikuishia kwenye zile wiki za korona. Ilikataa hata ule uazimishaji wa nakala moja kwa mtu mmoja. Vitabu zaidi ya 500,000 viliondolewa kwenye uazimishaji. Sisi tunaona hukumu ile iliwanyima wasomaji wa nchi maskini kitu ambacho hakikuwa na mbadala. Hata hivyo inaonyesha jinsi wenye haki walivyo tayari kwenda mbali, na jinsi maktaba inavyosimama mahali pembamba.

Sasa tuje kwenye grupu la WhatsApp, kwa sababu hapo ndipo jibu letu linapobadilika kabisa.

Mwalimu akibaki na faili peke yake, tunajadili ahadi yake na maktaba. Akilituma kwa wenzake wanne, hajui tena limefika wapi. Mmoja atalituma kwenye grupu la wilaya, mwingine kwenye grupu la chuo, na kufikia mwisho wa mwezi kijana wa kibanda atakuwa analiuza shilingi mia tano. Mwandishi wa kitabu hicho hakuwepo kwenye mazungumzo yale ya siku ya mnada.

Kwa vitabu vya nje mtu hujifariji kwamba kampuni ni kubwa, haitahisi. Tuseme basi vya kwetu. Tamthilia ya Ngoswe ya Edwin Semzaba imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini. Mwandishi alifariki Januari 2016. Kwa sheria yetu haki za kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wake wana haki hadi mwaka 2066. Soko la vitabu vya Kiswahili ni dogo, na kitabu cha fasihi kinapata mauzo ya maana pale tu kinapoingia kwenye orodha ya shule. Hapohapo ndipo kurasa zilizopigwa picha kwa simu zinapozunguka kwenye magrupu. Mwanafunzi anayesoma kurasa hizo kwa sababu shule yake ina kitabu kimoja kwa darasa zima hatumlaumu. Lakini mtu mzima mwenye mshahara, akituma bila kufikiri kitabu ambacho angeweza kukinunua, anamfundisha mwandishi anayefuata kwamba kuandika kwa Kiswahili ni kazi ya kujitolea.

Sheria nayo ipo, ingawa hatukuanza nayo kwa makusudi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kuruhusu au kukataza kazi yake kunakiliwa na kusambazwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo ina kifungu juu ya kutumia kompyuta kukiuka haki hizo, na adhabu ya anayefanya kwa biashara ni kubwa kuliko ya asiyefanya kwa biashara. Kwa hiyo katika kisa chetu mwenye hatari kubwa zaidi ni yule kijana aliyepokea buku mbili. Jirani zetu Kenya wamelisema wazi zaidi: sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kitendo chenyewe cha kukwepa kinga iliyowekwa kwenye kazi.

Kijana huyo wa kibanda, tulipozungumza naye, alitugeuzia kibao. Alisema anajaza nyimbo kwenye memori kadi miaka yote, watu wa kijiji kizima wanamjua, hata watangazaji wamewahi kujaza kwake, mbona leo kitabu kimoja ndicho kinaletewa makala? Tulikosa jibu la haraka. Redio nazo, nasi tukiwemo, zinatakiwa kuwa na leseni na kulipia mirabaha ya muziki zinaoupiga, na si kila kituo nchini kimekuwa kikilipa kwa wakati. Hatuandiki haya tukiwa tumekaa kwenye kiti cha hakimu. Kijana alituambia pia kwamba amesikia kuna tozo ya hakimiliki kwenye vifaa, kwa hiyo yeye ameshalipa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 serikali ilianzisha tozo ya asilimia 1.5 kwenye baadhi ya vifaa vinavyotumika kunakili na kuhifadhi kazi za wabunifu. Lakini tozo hiyo ni fidia ya jumla kwa wabunifu. Haikupi ruhusa ya kufungua duka la nakala.

Kuna kundi moja ambalo kwalo hatuoni ugumu wowote. Ni wasioona. Kufuli la baadhi ya vitabu huzuia hata programu ya simu isikisome kitabu kwa sauti. Mtoto aliyesoma Shule ya Msingi Furaha pale Tabora mjini, akafika chuo, akaazima kitabu kikakataa kumsomea, ameazimwa kitu gani? Dunia imelikubali hili. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kutengenezwa nakala zinazosomeka kwa watu wasioona bila kumwomba mwenye haki, na unazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba ulinzi wa makufuli hauwanyimi watu hao nafuu hiyo. Kenya iliingia mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Marekani yenyewe, yenye sheria kali ya makufuli ya mwaka 1998, imekuwa na msamaha kwa vitabu visivyosomeka kwa sauti tangu mwaka 2003. Maktaba au chuo kinachomwambia mwanafunzi asiyeona "mfumo haukubali" kinatakiwa kuulizwa kimefanya nini kuutumia mkataba huu.

Na vipo vitabu ambavyo havina tena mwenyewe wa kudhulumiwa. Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa hapa Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki Zanzibar mwaka 1905. Maneno yake ni mali ya kila mtu sasa, ingawa tafsiri na maelezo ya wahariri wa baadaye vina haki zake. Mtu akiyawekea kufuli maneno yale ya Kiswahili, kisha mwingine akalitoa, sisi hatutapoteza usingizi.

Halikadhalika vitabu vya kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu hivyo husomwa bure, na hilo ni jambo jema. Kitabu kilichotungwa kwa kodi ya mkulima wa pamba wa Ziba hakina sababu ya kumdai mtoto wake mtandao kila anapofungua ukurasa. Akikipata mara moja palipo na mtandao, abaki nacho, amtumie na mwenzake. Kwa vitabu vya kuazima vya vyuo, madai yetu ni madogo zaidi: saa ya kuazima ianze kuhesabu baada ya faili kushuka lote, na mwanafunzi wa masafa apewe wiki 3 badala ya moja. Mambo haya mkutubi na msimamizi wa mfumo wanaweza kuyapanga na mchapishaji wakati wa kutia saini kibali. Hakuna anayeyaomba kwa sababu aliyekwama Ziba hayupo kwenye kikao hicho.

Mwalimu tulimpigia kabla ya kuandika haya. Tulimwambia asilitume lile faili. Tulimuuliza kama aliwahi kumwandikia mkutubi wa chuo chake kumweleza hali ya mtandao wa huku. Hakuwahi, alidhani mashine ndiyo inayoamua. Tulimweleza pia kwamba mifumo mingi ya maktaba za vyuo humruhusu msomaji kupakua sehemu ya kurasa, mara nyingi sura nzima, zikabaki kwake bila kufuli. Hilo nalo hakulijua, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Siku 4 baadaye alitutumia ujumbe. Mkutubi amemwongezea siku 14 na kumtumia sura ya tatu na ya tano kwa barua pepe. Walimu wenzake wawili kati ya wale wanne wamejiandikisha maktaba ya mkoa. Wawili waliobaki hawamsemeshi vizuri. Kuhusu lile faili la buku mbili, anasema bado hajalifuta, anataka kwanza amalize sura ya sita.